Wanajuaje? Mtoto wa Panga ya Saidi, nyayo za Laetoli na makaburi ya Mtwapa

(Hotuba hii niliitoa Mombasa, mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.)

Asalaam aleikum. Hamjambo nyote. Wazee wetu mliokaa mbele, mama zetu, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojibanza karibu na mlango ili mpate upenyo wa kutoroka mapema, karibuni.

Nimeombwa nizungumze juu ya uvumbuzi mpya wa sayansi. Mada hiyo haina mwisho. Tungeweza kwenda angani tukaanza na picha ya kwanza ya shimo jeusi, iliyotolewa Aprili 2019. Tungeweza kukaa na chanjo za malaria mpaka isha. Lakini usiku huu nataka tutazame chini. Chini ya miguu yetu, kwenye udongo wa Kenya na Tanzania, mmefanyika mambo katika miaka ya karibuni ambayo dunia nzima imeyaandika, na sisi wenyewe, wenye udongo, wengi wetu hatujayasikia.

Nafundisha baiolojia. Katika maswali yote ya darasani kuna moja ninalolipenda kuliko mengine, na mara nyingi huulizwa na yule mwanafunzi anayeitwa mbishi: "Mwalimu, wanajuaje?" Redio inasema wanasayansi wamegundua. Gazeti linaandika miaka 78,000. Nani alikuwepo kuhesabu? Wanajuaje? Basi leo nawapa ruhusa muwe wabishi. Kila nikitaja jambo kubwa, mniulize. Tujaribu: mwanadamu mmoja alizikwa Kilifi miaka 78,000 iliyopita.

(Ukumbi: Wanajuaje?)

Naam. Hivyo hivyo.

Panga ya Saidi ni pango katika kaunti ya Kilifi, kwenye vilima vya mawe ya chokaa, kiasi cha kilomita 15 kutoka baharini. Wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao kutoka Ujerumani na kwingineko walianza kuchimba pale mwaka 2010. Wakisema kuchimba msifikirie jembe. Ni kisu kidogo, brashi na chekecheke, na udongo unatolewa tabaka baada ya tabaka. Mwaka 2013 wakakuta vipande vya mifupa. Ikawachukua mpaka 2017 kulifikia shimo lenyewe, dogo, la mviringo, kama mita 3 chini ya sakafu ya pango ya leo. Ndani yake mlikuwa na mifupa iliyooza kiasi kwamba ukiigusa inageuka vumbi.

Sasa wewe ungefanyaje? Ukiinua, umeharibu. Ukiacha, hujui ni nini. Wao walilizungushia plasta bonge zima la udongo, wakaling'oa lilivyo, likapelekwa Nairobi. Kule, walipokuwa wakilisafisha juu juu, wakaona meno mawili. Meno ya binadamu! Bonge likasafirishwa hadi Burgos, Uhispania, kwenye kituo kilichokuwa kikiongozwa na Bi María Martinón-Torres, na huko wakakaa miezi mingi wakilifungua punje kwa punje na kulipiga picha za kuona ndani. Mei 2021 wakatangaza: ni mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Wakampa jina la Kiswahili. Wakamwita Mtoto.

Wanajuaje ni mtoto wa umri huo? Kwa meno. Meno ya utotoni huota na kukua kwa mpangilio unaojulikana, na daktari yeyote wa meno hapa mjini anaweza kukadiria umri wa mwanao kwa kumwambia "hebu fungua mdomo".

Wanajuaje alizikwa, hakuanguka tu shimoni? Hapa nataka mnisikilize kwa makini. Kwanza, udongo wa ndani ya shimo ulikuwa tofauti na udongo wa kandokando yake. Shimo lilichimbwa, kisha likafukiwa. Pili, mifupa ilikuwa bado imeungana kwa mpangilio wa mwili, kwa hiyo mwili uliozea pale pale, ukiwa umefunikwa. Fisi hakuufikia, maji hayakuubeba. Tatu, mtoto alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamevutwa kifuani. Mifupa ya bega na mbavu ilikuwa imebanwa kwa namna inayoonyesha sehemu ya juu ya mwili ilikuwa imeviringishwa kitu, pengine majani au ngozi. Na kichwa kilikuwa kimeinama kwa namna inayotokea pale kitu kilichowekwa chini yake kinapooza na kubonyea. Mto.

Naziona nyuso zenu. Ubavu wa kulia. Kitu cha kuviringisha mwili. Najua mnachofikiria, na mzee mmoja amekwisha kumnong'oneza jirani yake. Tusikimbilie huko. Miaka 78,000 haituruhusu kumvisha mtoto yule dini ya mtu yeyote aliyemo humu ndani. Udongo unatuambia jambo dogo kuliko hilo, nalo lanitosha: kulikuwa na watu waliochimba, wakamfunga, wakamwekea cha kulalia kichwa, wakamfukia. Hiyo ni kazi ya mikono ya watu wazima, na ilifanywa ndani ya pango walimokuwa wakiishi.

Na miaka 78,000? Hesabu hiyo inatoka kwenye mchanga. Chembe za mchanga zikiwa ardhini hupokea mionzi hafifu ya asili kutoka kwenye udongo unaozizunguka, na nguvu ile hujilimbikiza ndani ya chembe mwaka baada ya mwaka, kama simu iliyowekwa chaji. Mwanga wa jua ukizipiga, chaji yote hutoka, zinaanza upya kutoka sifuri. Kwa hiyo ukichukua chembe gizani, bila kuzionyesha jua, ukazipima maabara zina kiasi gani, na ukapima udongo wa pale hutoa mionzi kiasi gani kwa mwaka, unagawanya. Jibu ni muda tangu chembe zile zilipoona jua mara ya mwisho. Hesabu ya darasa la nane, vifaa vya mamilioni.

Lilipotangazwa, hilo ndilo lililokuwa kaburi kongwe zaidi la binadamu wa aina yetu kupatikana Afrika. Liko Kilifi. Ni watoto wangapi wa Kilifi walilijibu swali hilo kwenye mtihani? Tuendelee.

Twende Tanzania, Laetoli, upande wa Ngorongoro. Wengi mmesoma shuleni habari za nyayo zilizopatikana mwaka 1978 na kikosi cha Mary Leakey: viumbe walitembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, mvua ikanyesha, majivu yakaganda, majivu mengine yakafunika. Miaka milioni 3.66. Wanajuaje? Majivu ya volkano yana madini yenye potasiamu ambayo hubadilika polepole kuwa gesi ya argoni kwa kasi inayojulikana. Hiyo nayo ni saa.

Hayo ni ya zamani. Kwa nini nawaletea leo? Kwa sababu ya nyayo nyingine, zilizoonekana pale pale mwaka 1976, miaka miwili kabla ya zile maarufu. Zilikuwa tano mfululizo, pana, zenye umbo la ajabu, na aliyezikanyaga alikuwa akivukisha mguu mmoja mbele ya mwingine. Wataalamu wakagawanyika. Katika miaka ya 1980 mmoja wao akapendekeza kwamba huenda ni dubu mdogo aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Dubu! Wazo likakaa, nyayo zikasahauliwa, mvua na udongo vikazifukia tena.

Mwaka 2019 kikosi kikarudi. Ndani yake alikuwemo Mtanzania, Profesa Charles Musiba, pamoja na Bi Ellison McNutt na Jeremy DeSilva wa Marekani. Wakafuata ramani za Mary Leakey, wakazichimbua upya, wakazikuta bado zipo. Swali likawa: ni dubu au si dubu?

Ungelijibuje swali hilo ukiwa umekaa kitini? Hulijibu. Unaenda kwa dubu. Wakaenda New Hampshire, Marekani, kwenye kituo cha kulelea dubu, wakawavutia dubu wadogo kwa vitu vitamu ili wasimame na kupiga hatua juu ya tope. Wakatazama zaidi ya saa 50 za video za dubu wa mwituni, na wakaona kwamba dubu kutembea kwa miguu miwili bila kushika kitu ni chini ya asilimia 1 ya muda wote. Wakaangalia pia nyayo za sokwe wa kisiwa cha Ngamba, Uganda. Na wakauliza swali ambalo fundi yeyote wa mtaani angeliuliza: hapo Laetoli yamepatikana maelfu ya mabaki ya wanyama. Je, kuna hata mfupa mmoja wa dubu? Hakuna.

Desemba 2021 jibu likatoka. Nyayo zile ni za zamadamu, yaani kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, na namna yake ya kutembea si ile ya wenzake wa nyayo za 1978. Maana yake ni kwamba katika uwanda mmoja, wakati mmoja, walikuwepo zamadamu zaidi ya wa aina moja waliotembea kwa miguu miwili. Ule mchoro wa ukutani, wa nyani anayenyooka hatua kwa hatua mpaka akawa mtu, ambao nami nimeufundishia, hauwezi kubeba habari hii. Na ushahidi wake ulikuwa umeonekana, umepigwa picha, umeandikwa, kisha ukasubiri zaidi ya miaka 40 kwa sababu watu waliridhika na dhana.

Nitapita haraka kwenye mengine mawili. Pale pale Laetoli ilipokuwa ikikaguliwa ardhi kwa ajili ya kujenga jumba la makumbusho, Profesa Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walikuta nyayo nyingine mpya, wakazitangaza mwaka 2016. Mmoja wa waliokanyaga alikadiriwa kuwa na urefu wa sentimita 165 hivi, mrefu kuliko wenzake wote waliojulikana pale. Na Novemba 2024 zikatangazwa nyayo za upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, za miaka milioni 1.5: aina mbili za zamadamu zilikanyaga tope lile lile, zikipishana kwa saa chache au siku chache tu. Mifupa haiwezi kukwambia hilo. Mifupa miwili iliyo jirani yaweza kupishana miaka elfu kumi. Tope likikauka limekauka.

Haya. Sasa tumefika kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowatoa majumbani. Sisi ni nani?

Mnajua ubishi huu. Umo vibarazani, umo kwenye siasa, umo hata kwenye mazungumzo ya posa. Waandishi wa enzi za ukoloni walisema miji ya mawe, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ilijengwa na wageni kutoka ng'ambo, na Mwafrika alikuwa mtazamaji. Baadaye wachimbaji wakaanza kufika chini ya mawe yale. Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alichimba chini ya msikiti akakuta msikiti wa kale zaidi, na chini yake mwingine, mpaka akafikia majengo ya miti ya karne ya 8. Mji ulikua kutoka kijiji cha wenyeji. Wengine wakalivuta upande wa pili kabisa: habari za Washirazi, wageni wanaosemwa kutoka Shirazi, Uajemi, ni ngano tu, watu walijipa nasaba ili waheshimike. Kila upande ulikuwa na vitabu vyake na hasira zake.

Machi 2023 yakachapishwa matokeo ya vinasaba, yaani DNA, vya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Walitoka Mtwapa hapa jirani, Manda na Faza kule Lamu, Kilwa, Songo Mnara na Lindi, pamoja na Makwasinyi kule bara. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo ni Mkenya, Profesa Chapurukha Kusimba, ambaye amechimba pwani hii kwa miongo kadhaa, pamoja na maabara ya David Reich ya Harvard. Mmoja wa waasisi wa usomaji wa vinasaba vya kale, Svante Pääbo, alipewa Nobeli mwaka 2022, kwa hiyo elimu yenyewe ni changa.

(Ukumbi: Wanajuaje?)

Ahsanteni, nilidhani mmelala. Vinasaba huharibika, na joto letu na unyevu wetu huviharibu upesi. Mahali pazuri pa kuvitafuta ni mfupa mgumu ulio kandokando ya sikio la ndani, na kwenye jino. Ndani yake mna aina tatu za habari. Kuna vinasaba vya mitokondria, ambavyo mtu hurithi kwa mama peke yake: mama yako, mama yake, nyanya yake, moja kwa moja kurudi nyuma. Kuna kromosomu Y, ambayo mwanamume huipata kwa baba peke yake. Na kuna vilivyobaki, vingi zaidi, ambavyo ni mchanganyiko wa wote.

Wakakuta nini? Kwa wengi wa waliozikwa kwenye miji ya pwani, zaidi ya nusu ya vinasaba ilitoka kwa Waafrika, na upande huo uliingia hasa kupitia wanawake. Sehemu kubwa iliyobaki, na kwa baadhi yao hata zaidi ya nusu, ilitoka Asia. Katika hiyo ya Asia, asilimia 80 hadi 90 ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Nyingine inaelekea India. Mchanganyiko ulianza kufikia mwaka 1000 hivi. Na baada ya mwaka 1500 hivi, sehemu ya Uajemi inapungua nguvu, ya Uarabuni inaongezeka, jambo linalokubaliana na tunachokijua juu ya Waomani.

Mwaka 1000 wameupataje? Watu wawili wa asili mbili wakizaa, mtoto hupokea vipande virefu vya kila upande. Kila kizazi vipande vile hukatwa na kuchanganywa, vinakuwa vifupi. Ukipima urefu wake unapata idadi ya vizazi. Ukijua vizazi, unakadiria miaka.

Sasa turudi kwenye habari za wazee. Tarehe ya Kilwa, yaani kitabu cha historia ya mji ule, inasema walikuja Washirazi kwa merikebu saba. Riwaya moja ya Kilwa inasema Sultani Ali bin Selimani Mshirazi alimkuta mwenyeji wa kisiwa, Mrimba, akatoa nguo, akapewa kisiwa, akamwoa binti yake. Tulizoea kubishana juu ya merikebu. Sikilizeni harusi! Mume kutoka ng'ambo, mke wa hapa. Vinasaba vya makaburini vinasema hivyo hivyo, mji baada ya mji.

Na mimi, kwa maoni yangu, hapo ndipo penye uzito wa jambo hili, kuliko hesabu ya damu ya Mwajemi. Mwanamume aliyefika na msimu wa kaskazi, hana ukoo hapa, hana shamba, hajui lugha, aliingia nyumbani kwa nani? Kwa wakwe. Mpaka leo Lamu tunajua baba humjengea binti nyumba, mume huhamia. Watoto wakazungumza lugha gani? Ya mama zao. Ndiyo hii ninayowahutubia kwayo, ya Kibantu mpaka kwenye mifupa yake, ijapokuwa imevaa maneno ya Kiarabu na Kiajemi. Wageni wangekuwa watawala waliokuja kushinda, tungetarajia vingine. Wachimbaji wa Shanga walikuwa tayari wametuonyesha kwamba mji na msikiti vilikuwepo kabla ya mwaka 1000. Mgeni aliukuta mji, akaoa ndani yake, akapata jina.

Lakini subirini kabla hamjakimbia na ushindi, wa upande wowote. Watu 80 ni akina nani? Wengi walizikwa karibu na misikiti, kwenye makaburi ya mawe. Waungwana hao. Mvuvi wa dau, mkulima wa mtama wa nje ya ukuta, mtumwa aliyebeba mawe ya matumbawe, hao hawakuzikwa pale, na vinasaba vyao havimo. Hata leo, watafiti walipowapima watu wanaojitambulisha kuwa Waswahili, walikuta hawafanani: wengine wamebeba sehemu kubwa ya urithi wa wale wa makaburini, wengine kidogo sana. Na wenyeji wa pande mbili hawakuwa sawa pia. Upande wa Kenya, asili ya Kiafrika ina mchanganyiko wa Wabantu na wafugaji, kule Kilwa haina dalili ile ya wafugaji. Kwa hiyo mtu akikwambia "sayansi imethibitisha Mswahili ni hivi", muulize: Mswahili yupi, wa kaburi lipi?

Kazi iliyobaki iko hapo, kwenye makaburi yasiyo na mawe. Itahitaji ruhusa ya wenye maziara, subira ya wachimbaji, na vijana wa pwani wenye shahada za vinasaba, ambao kwa sasa ukiwatafuta humu ukumbini utahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Nyinyi wa karibu na mlango, mnanisikia?

Nimezidisha dakika zangu. Tuingie kwenye maswali. Nitaanza na mzee wa safu ya tatu, aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja neno Shirazi na hajaushusha mpaka sasa. Karibu, mzee wangu.